Pimeni kwanza, betri mtanunua baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwafikie wamiliki wa ndege ndogo za zamani, hasa zile Piper Cherokee na Cessna 172 za miaka ya 1960 zinazoendelea kuruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi pwani. Nimekuwa fundi wa umeme wa ndege hizi kwa muda mrefu, na kinachonisumbua si uzee wa ndege zenyewe bali desturi ya kubahatisha: ndege ikikataa kuwaka hununuliwa betri, ikikataa tena hununuliwa stata (mota inayozungusha injini ili iwake), na fedha zikishaisha ndipo fundi huitwa apime.

Hivi karibuni nililetewa Cherokee ambayo propela yake ilizunguka kwa uvivu kila asubuhi, ingawa betri ilikuwa ya pili ndani ya mwaka mmoja na stata ilikuwa mpya. Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imetulia, na waya zote zilionekana nzima. Lakini waya usiobeba mzigo wa umeme hausemi ukweli, kwa kuwa hata uzi mmoja uliosalia ndani yake unatosha kuidanganya mita. Niliweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye teminali ya stata, kisha rubani akabonyeza swichi. Mita ikasoma volti 3. Karibu robo ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea njiani. Cherokee za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na kebo nene za betri za alumini, na nilipofungua kiungo cha kebo hiyo nilikuta unga mweupe wa kutu ya alumini umejaa chini ya nati. Betri ile ya kwanza, iliyokwisha kutupwa, huenda haikuwa na kosa lolote.

Ndege iliyolala Lamu au Malindi wiki kadhaa, ikipigwa na upepo wa chumvi, ikaguliwe pia upande wa ethi, maana umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi ya ndege, na kiungo kimoja chenye kutu huweza kuzifanya taa, redio na geji zisumbue kwa pamoja. Wenye ndege zinazochaji betri kwa jenereta badala ya alteneta wasihangaike mshale wa geji ya chaji ukionyesha upungufu injini ikinguruma polepole. Jenereta hizo ndivyo zilivyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye magineto, kifaa cha injini kinachotoa cheche za kuwashia mafuta. Ni kweli kwamba betri ikifa angani injini haizimiki, kwa sababu magineto hujizalishia umeme wa cheche. Lakini swichi yake huzima kwa kuiunganisha na ethi, kwa hiyo waya unaotoka kwenye magineto hadi swichi ukikatika, magineto hubaki hai hata ufunguo ukiwa mfukoni, na propela ikisukumwa kwa mkono inaweza kuwasha injini. Nimewahi kumkuta kijana ameiegemea propela ya namna hiyo, anakunywa chai.

Kwa hiyo wamiliki, mkiambiwa mnunue kifaa kipya, mwulizeni fundi amepata volti ngapi na mzigo ulikuwa umewashwa au la. Asipokuwa na tarakimu, msitoe hela.

Fundi wa umeme wa ndege,
Nairobi