Lile jiwe lako: nimekosea

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi, na samahani kwa ukimya. Sisi wazima, mengine tutazungumza tukionana. Kilichonikalisha kuandika ni lile jiwe uliloniachia. Kheri alisema ni la volkeno, nami nikakutangazia mbele yake, tena kwa kujidai, kwamba ni jiwe la mashapo. Nimekosea. Au nimekosea nusu, na hiyo nusu ndiyo inayoninyima usingizi.

Kilichoniponza ni ile mistari. Niliona tabaka juu ya tabaka, nikajua yamekwisha. Si ndivyo tulivyokariri? Jua na mvua huvunja miamba, mito hubeba vipande, vikatua majini na kulaliana, uzito ukavishindilia, chokaa au silika (madini yanayotengenezewa kioo) ikavigandisha.

Juzi nikaazima lenzi. Punje za mchanga uliosafiri mtoni huwa zimelika kona kwa kugongana. Hizi za kwako zina ncha kama vigae vya chupa, na katikati kuna vipande vya pumisi, lile jiwe la vitundu linaloelea majini. Zuhura, hayo ni majivu ya volkeno! Jiwe lako ni tufu, yaani majivu ya volkeno yaliyoshikana yakawa mwamba.

Sasa tuliweke wapi? Miamba ya moto huulizwa ilipoa vipi na ina kemikali gani. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa polepole chini ya ardhi, fuwele, yaani punje za madini, hupata muda wa kukua hadi ukaziona kwa macho, kama kwenye granaiti. Ikimwagika juu ikapoa upesi, hubaki ndogo mno, kama za basalti. Ikiwahi zaidi hukosa fuwele kabisa, ikawa kioo: obsidiani. Kisha hupimwa silika. Basalti ina takriban asilimia 50, granaiti hupita 65. Ya mashapo huulizwa vipande vyake vina ukubwa gani (mchanga huanzia 1/16 ya milimita na kuishia milimita 2), isipokuwa mawe kama ya chokaa na chumvi, ambayo mengi yametokana na magamba ya viumbe au maji yaliyokauka.

Tufu inajibu maswali ya pande zote mbili. Ilitoka motoni, ikatua kama vumbi. Wengi huihesabu na miamba ya volkeno, kwa hiyo Kheri ameshinda. Usimwambie kwanza.

Najiliwaza na Abraham Werner, yule mwalimu wa jiolojia wa Freiberg, Ujerumani, wa karne ya 18, aliyefundisha kwamba hata basalti ilitokana na maji ya bahari. Wanafunzi wakamwamini! Mwanajiolojia James Hutton naye, mwaka 1785, akaenda Glen Tilt huko Uskoti, akakuta mishipa ya granaiti imepenya ndani ya miamba mingine. Kitu kigumu kingepenyaje? Lazima kilikuwa kimeyeyuka. Mimi angalau nilikuwa na mistari ya kunidanganya.

Lakini bado sijakata tamaa na mashapo yangu, maana majivu yanaweza kuangukia ziwani, au mvua ikayazoa na kuyatua upya kwingine. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Uliliokota mlimani au korongoni? Lilikuwa limeshikana na mwamba au limelala tu peke yake? Hapo jirani uliona kokoto za mviringo, au magamba ya konokono ndani ya mwamba? Na lile jiwe lako jingine, jeusi zito, bado unalo au umeshaligeuza kigingi cha mlango? Mpe yeyote anayekuja huku aniletee. Safari hii sitasema neno kabla ya lenzi.

Wako,
Mwanaidi