Mabomba ya nyuklia tuyaulize mapema

Mhariri,

Tangu maneno ya mtambo wa nyuklia yatoke Uyombo huku kwetu Kilifi yahamie Siaya, naona watu wa Pwani tumeshusha pumzi tukanyamaza. Mimi bado. Mwaka 2024 watu walipoandamana Uyombo kila mdomo ulikuwa ni mionzi, mionzi, na sisemi mionzi ni mchezo, lakini kuna jambo linalotendeka kila siku hata mtambo ukiwa mzima na hakuna ajali yoyote, nalo ni maji.

Mitambo mingi ya ufuoni inakunywa bahari. Ule wa Diablo Canyon kule California huvuta lita bilioni 9 na ushei kwa siku, za kupozea tu, halafu yanarudi baharini yameongezeka joto digrii kama 10 hivi. Na yale si maji matupu jameni, mna mayai ya samaki, mna vijisamaki kama punje ya mchele, vitoto vya kaa na kamba, vyote vinapenya kwenye vichujio vinaingia bombani, na walio wakubwa kidogo wanabanwa pale pale kwenye chujio. Kule St. Lucie, Florida, kasa wanaingia kwenye mfereji wa mtambo tangu miaka ya 70, mpaka kuna watu wameajiriwa kazi yao kuwanasa na kuwarudisha baharini. Wakati mwingine bahari nayo hulipiza, Agosti 2025 konyeza walijazana kwenye vichujio vya Gravelines, Ufaransa, mitambo minne ikazimika.

Sasa Uyombo na hifadhi ya bahari ya Watamu ni pua na mdomo, mikoko ya Mida iko hapo hapo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto nilikuwa kijana, nikatoka na mjomba kuinua malema, maji yamekupwa, nikachungulia chini nikaona matumbawe meupe pepepe kama yamepakwa chokaa. Mjomba akaacha kupiga kasia, akasema tu "yamevaa sanda." Lema la kwanza lilikuwa na tafi wawili. Na ile ilikuwa ni digrii moja mbili tu kuzidi kawaida, kwa wiki kadhaa.

Si kwamba napinga stima, mimi nauza samaki, ikikatika usiku friza ndiyo inayonitia hasara. Na nyuklia kweli haina moshi. Lakini si lazima ikae ufuoni, ule mtambo wa Palo Verde, Arizona, uko jangwani na unapozwa kwa maji taka yaliyosafishwa! Kuna na minara ya kupozea, inavuta maji machache zaidi, ila ina gharama yake na ndiyo maana nashuku hatutaisikia sana.

Kwa hivyo ndugu zetu wa Siaya msiulize mionzi peke yake. Bomba litaingia Ziwa Victoria umbali gani? Maji yatarudi na joto kiasi gani? Omena wakizaa, mtambo utapunguza kuvuta? Sisi huku angalau tuna kupwa na kujaa kunakosukasuka maji, ghuba ya Winam huko ziwani kwenu ina kina kifupi na haina hilo.

Majibu yakipatikana tuchapishieni kwa Kiswahili, maana dikoni kwetu gazeti hili mmoja husoma kwa sauti na wengine wanashona nyavu.

Mchuuzi wa samaki,
Kilifi