Haijakamilika, au hujaikamilisha?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna jambo limenikaa kifuani muda mrefu na najua nisipoliandika leo nitaliahirisha tena kama nilivyoahirisha mengine mengi. Ni kuhusu visingizio. Sio vya viongozi, hivyo vinaandikwa kila siku, nasemea vile vyetu wenyewe, tunavyoamka navyo asubuhi na kulala navyo usiku.

Miaka kadhaa iliyopita nilikua nafanya kazi chini ya mzee mmoja, sasa hivi kashastaafu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku moja akaniuliza ripoti iko wapi, nikamwambia, "Mzee, ripoti haijakamilika." Akaniangalia kidogo akasema, "Haijakamilika, au hujaikamilisha?" Basi, akaendelea na kazi zake. Nilikasirika siku nzima. Niliona ananionea, kwa sababu takwimu zilichelewa kuletwa, kompyuta ilikua inasumbua, mwenzangu wa kunisaidia alikua likizo, na yote hayo yalikua kweli tupu, sikumdanganya hata neno moja. Lakini lile swali likakataa kutoka kichwani, nikaenda nalo nyumbani, na mpaka leo ninalo.

Hebu tujisikilize tunavyoongea. Glasi imevunjika. Funguo zimepotea. Hela imeisha. Mpango umeharibika. Nimejaribu ila imeshindikana. Hiyo -ika yetu ni kitu kizuri kwenye Kiswahili, na kweli vipo vitu vinavyovunjika vyenyewe, ila angalia inavyofanya kazi: ukisema glasi imevunjwa mtu atakuuliza imevunjwa na nani, ukisema imevunjika lile swali halina hata pa kukaa. Mtendaji katoka kwenye sentensi, haonekani. Na tukibanwa zaidi tunajigeuza sisi ndo tuliotendwa, unasikia mtu anasema nilipitiwa na usingizi, nimepitiwa tu ndugu yangu, shetani alinipitia. Mimi nimesema nilipitiwa na usingizi mara nyingi sana wakati ukweli ni kwamba nilikaa na simu mpaka saa nane usiku, hakuna aliyenishika mkono, na nilikua naiona saa pale juu ya kioo ikibadilika.

Basi nikachukua daftari dogo nikaamua kwa siku 14 kila nikitoa sababu ya kutofanya kitu naiandika vile vile nilivyoisema, bila kuipamba. Nilitegemea kukuta uongo. Sikuukuta, au niseme niliukuta kidogo sana. Nilichokuta ni sababu za kweli, ukurasa baada ya ukurasa, nimechoka kweli, watoto walikua wanaumwa kweli, bosi aliongeza kazi kweli. Hapo ndo nikashtuka. Siku zote nilidhani kisingizio ni uongo, kwa hiyo mtu akisema una visingizio nilikua najitetea kwa kuonyesha kwamba nasema ukweli, na nilikua nashinda kila mara, na maisha yanabaki palepale. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na tukiisoma methali ile tunafikiri mbaazi anadanganya. Mi naona jua lilikua kali kweli. Swali ni kwamba baada ya kusema jua ni kali, nini kilifuata? Kisingizio kibaya kuliko vyote ni kile cha kweli, maana hakuna wa kukubishia, hata wewe mwenyewe huwezi kujibishia.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Kuna masomo ya jioni niliyaacha zikiwa zimebaki karatasi mbili za mtihani. Mbili tu. Kwa miaka sita nilikua nasema "masomo yaliishia njiani kwa sababu ya majukumu", na kila niliyemwambia alitikisa kichwa kwa huruma akasema pole, majukumu ni mengi. Ile pole nilikua naipenda, nakiri hilo hapa mbele ya wasomaji wako. Ilikua inanipumzisha kiasi kwamba nadhani ningefaulu ile mitihani ningekosa kitu cha kuhurumiwa nacho. Halafu siku moja nikafungua ile sehemu ya simu inayoonyesha umeitumia kwa muda gani, nikakuta wastani wa saa 2 na dakika 40 kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe, hiyo ni saa 18 na dakika 40 kwa wiki. Hata saa moja tu kwa siku, kwa mwaka ni saa 365, ukizigawa kwa siku za kazi za saa 8 unapata zaidi ya siku 45. Mimi mtu "nisiye na muda" nilikua nao, nimeugawa kwingine. Tangu hapo nimeacha kusema sina muda, nasema sijaupangia muda, na hayo ni maneno mawili tofauti kabisa ukiyasema kwa sauti, la pili linauma.

Kuna jambo jingine nililisoma likanisaidia kujielewa. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Steven Berglas na Edward Jones, waliwapa watu maswali, wengine wakapewa maswali yasiyo na jibu kabisa halafu wakaambiwa mmefanya vizuri sana. Hao moyoni walijua hawajui walifauluje. Kabla ya kupimwa tena wakaambiwa wachague kidonge kimoja kati ya viwili, kimoja kinadaiwa kusaidia akili na kingine kinadaiwa kuipunguza. Waliosifiwa bila kujua walifanya nini, hasa wanaume, walielekea kuchagua kile cha kupunguza. Yaani mtu anatafuta sababu ya kushindwa kabla hata hajashindwa, ili akianguka asiseme mimi sina uwezo, aseme ni kidonge. Nilisoma nikanyamaza. Kumbe kusoma usiku wa mwisho, kuchelewa kuomba kazi mpaka siku ya kufunga, kuanza mradi bila kuuliza wanaojua, vyote vile vilikua vidonge vyangu. Bora niitwe asiyejitahidi kuliko nijitahidi kweli halafu nionekane sina kitu.

Sasa hapa nataka nieleweke vizuri, maana najua kuna msomaji keshaanza kukunja uso. Siandiki barua hii kumwambia mtu aliyelemewa kwamba ni mvivu. Kuna watu wamezaliwa kwenye shida ambazo hawakuzichagua, wameugua, wameachwa wadogo, wamefanyiwa ukatili, wamefukuzwa kazi bila kosa. Nawachukia kabisa wale wanaopanda jukwaani kumwambia mtu wa namna hiyo eti badilisha mawazo utafanikiwa. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kusema nimeumizwa na fulani, tena aseme kwa jina, na wa kuwajibishwa awajibishwe. Ila kuna maswali mawili tunayachanganya. Moja ni kosa hili la nani. La pili ni kesho asubuhi kazi hii ni ya nani. La kwanza jibu linaweza kua la mtu mwingine kabisa, la pili mara nyingi jibu linakua ni langu, hata kama sio haki, hata kama inauma. Aliyekuvunja mguu ana kosa lote, lakini mazoezi ya kutembea tena hawezi kukufanyia yeye.

Na kukata tamaa nako kuna namna yake. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya kwa mbwa. Mbwa walipigwa shoti ambazo hawakua na njia ya kuzizima, kisha wakawekwa kwenye boksi ambalo kuruka kizingiti kifupi tu kungewaokoa, wengi wakalala chini wakavumilia. Ni majaribio ya kikatili na inaniuma kuyasimulia. Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata, kwamba ili wale mbwa wapone ilibidi wavutwe kwa kamba mpaka upande wa pili, tena na tena, mpaka mwili wao ujue kwamba kuvuka kunasaidia. Maneno ya kutia moyo hayakutosha. Na miaka karibu 50 baadaye, 2016, watafiti wale wale wawili waliandika kwamba walikua wameielewa kinyume: kunyong'onyea mbele ya mateso ya muda mrefu ndo mwitikio wa asili wa ubongo, haufundishwi, kinachofundishwa ni ile hali ya kujua kwamba nina uwezo wa kufanya kitu. Mimi hiyo habari niliipokea kwa faraja kubwa sana. Maana yake mtu aliyekata tamaa hajaharibika, ila bado hajapata nafasi za kutosha za kuvuka kizingiti na kuona amevuka. Na ndo maana naamini ukiwa na ndugu aliyelala hivyo usimhubirie, mshike mkono muende wote ile mara ya kwanza na ya pili na hata ya kumi.

Kwangu mimi kilichosaidia kilikua kidogo tu hata naona aibu kukitaja. Niliacha kuapa kwamba kuanzia Jumatatu nitabadilika. Kuna profesa anaitwa Peter Gollwitzer ambaye amechunguza miaka mingi tofauti ya kusema nitafanya na kusema ikitokea hivi nitafanya hivi, na ile ya pili inafanya kazi vizuri zaidi maana imeshaamua mapema ni saa ngapi na ni wapi. Basi mi nikaandika: nikishaosha vyombo vya usiku, simu inabaki jikoni, mimi nakaa mezani na kitabu dakika 30. Hiyo tu. Siku zingine nilishindwa, na zamani nikishindwa siku moja nilikua nasema nimeshaharibu basi, nikaacha wiki nzima. Ila Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya, utafiti ukatoka 2010, wakakuta kwa wastani inachukua siku 66 kitu kuwa mazoea, wengine 18 na wengine makadirio yalifika mpaka 254, na kuruka siku moja hakukuharibu safari. Kwa hiyo hata "nimeshaharibu" ni kisingizio, tena hicho nilikua nakipenda kuliko vingine kwa sababu kinakuja kimevaa nguo za majuto.

Karatasi moja ya mtihani nimeifanya na nimefaulu. Moja bado.

Lakini Mhariri, mtihani ulikua rahisi. Kigumu ni kaka yangu. Tuligombana miaka minne iliyopita kwa jambo la familia, na watu wakiniuliza nilikua nasema "uhusiano wetu uliharibika", ile ile -ika. Kwenye daftari langu la siku 14 hiyo sentensi ipo mara tatu. Yeye ndo alianza, hilo nalisema mpaka leo na mashahidi wapo. Ila kuna maneno nilimjibu siku ile mbele ya wanawe, maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake, na hayo hakuyatamka yeye wala shetani, niliyatamka mimi, nikiwa na akili timamu, nikijua yatamchoma wapi. Kwa miaka minne nilikua nimekaa juu ya kosa lake ili nisilione langu lililo chini.

Mwezi uliopita nikamwandikia. Niliandika mara nyingi nikafuta, maana kila rasimu ilikua na "lakini" katikati, naomba msamaha kaka lakini na wewe, na nikajifunza kwamba msamaha wenye lakini ni mashtaka. Mwisho nikatuma mistari mitatu tu: Kaka shikamoo. Siku ile nilikuvunjia heshima mbele ya watoto wako, nilifanya vile kwa makusudi, naomba unisamehe. Sikutaja alichofanya yeye. Hilo ni lake, akitaka atalisema.

Ameisoma, alama zile mbili za bluu zimetokea, hajajibu mpaka leo ninapoandika barua hii. Mwanzoni nilitaka kukasirika tena, nikahisi lile daftari linaniita, sasa naanza kusema nimejitahidi ila yeye ndo hataki. Hapana. Kujibu au kutojibu ni kwake, ana haki nako. Kwangu ni kupiga simu Jumapili, saa nne asubuhi, nimeshaandika.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi