Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha sanamu za shaba za India,

Vikao vilifanyika, maonyesho yalifanyika, wageni wa Tanga walikuja wakaondoka. Hayo mnayajua. Kati ya wanachama 46, waliolipa ada ni 19. Mapato shilingi 950,000, matumizi 1,120,000. Pengo nimeliziba kwa fedha zangu, na risiti ninazo. Kikao cha Agosti tulikuwa sita, pamoja na mlinzi.

Sasa suala la sanamu yetu ya Khandoba, mungu wa Kihindu. Inasemwa pembeni kwamba mwenyekiti alizuia sanamu zisisuguliwe kwa ubishi wake tu. Usiku wa kuamkia maonyesho nilikuta ndoo ya maji ya ukwaju, ndani yake sanamu ya mungu Krishna akiwa mtoto mchanga anayetambaa, keshang'aa kama sufuria ya dukani. Khandoba, juu ya farasi na mkewe Mhalsa, alikuwa anangoja zamu. Nilimviringisha kwenye kanga nikaenda naye nyumbani. Ndiyo, bila kuiuliza kamati. Saa nne za usiku ningemuuliza nani?

Mnaniambia kina mama wa Kihindu wenyewe husugua miungu yao ya nyumbani kwa ukwaju. Kweli kabisa. Huiogesha kwa maji na maziwa, huipaka manjano na kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, kizazi hata kizazi, mpaka pua imelala na macho yamebaki mistari. Lakini wao wako kwenye ibada. Sisi tunapamba meza. Kwenye mkunjo wa tandiko la farasi yule bado kuna manjano yaliyoganda. Huyu ndiye ambaye mahujaji wa Jejuri, kule Maharashtra, India, humrushia manjano kwa konzi hadi ngazi za hekalu hazionekani rangi yake. Yatoeni hayo, mtabaki na kishaba cha urefu wa kidole. Krishna wetu ndivyo alivyo sasa.

Mali ya chama ilirudi baada ya siku nne. Na aliyeipata sanamu hiyo kwa bei ya kutupa, mnamjua ni nani.

Pia nilikataa kununua kinyago cha shaba cha Himachal, kaskazini mwa India, kilicholetwa bila karatasi. Sheria ya India ya 1972 inamkataza mtu binafsi kutoa nje ya nchi kitu cha kale cha miaka 100 au zaidi. Walionuna, wanune.

Mwakani, Mungu akipenda, tutapata kabati la kioo, na huenda mtu wa kutueleza sanamu za Bastar, katikati mwa India, zinavyosukwa kwa nyuzi za nta kabla ya shaba kumiminwa.

Mweka hazina yuko mlangoni na daftari la ada hadi saa kumi.