Mbwa Anasoma Mabega Yako

Mteja mpya akifika kwetu kumfundisha mbwa wake ajiliti, kauli ya kwanza huwa ileile: "Mbwa wangu hasikii." Tunamwomba amfunge mbwa pembeni, kisha aupite uwanja peke yake, kiunzi kwa kiunzi, kwa kufuata namba. Wengi hucheka. Kicheko huisha pale wanapopotea njia mara ya pili.

Ajiliti ni mbio za viunzi ambazo mbwa hukimbia bila kamba huku mwenyewe akikimbia karibu naye na kumwelekeza. Kwenye mashindano hairuhusiwi kumgusa, wala kubeba mpira au kipande cha nyama cha kumshawishi. Mchezo ulianzia London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts. Waandaaji walitaka kuwachangamsha watazamaji wakati wa mapumziko, wakaiga mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Ufito uliolazwa juu ya kiunzi ukianguka, ni kosa, kama ilivyo kwa farasi.

Kuruka si shida, na bomba la kupenya mbwa wengi hulizoea upesi. Kazi iko kwenye zile nguzo 12 zilizosimamishwa mstari mmoja. Lazima aingie nguzo ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto, kisha ajipinde kushoto na kulia bila kuruka hata pengo moja. Hapo panakula wiki nyingi, nasi tunakwambia mapema ili tusije tukalaumiana. Ubao unaopanda na kushuka kama mizani nao una vitisho vyake: kinachomkimbiza mbwa ni kile kishindo cha ubao kugonga chini. Kwa hiyo mwanzoni tunatandika godoro.

Hata hivyo, makosa mengi tunayoyaona ni ya binadamu. Mbwa akiwa mbioni hutazama mabega na nyayo zako kabla ya kusikiliza maneno. Ukipaza sauti "bomba!" huku kifua kimeelekea ukutani, ataenda ukutani, na kwa kweli atakuwa amekutii.

Mbwa wa aina yoyote anafaa, maana viunzi hupangwa kulingana na kimo chake. Aliyenenepa mno aonwe kwanza na daktari wa mifugo. Mbwa mchanga tunampokea, ila ufito wake unalazwa chini mpaka mifupa ikomae.

Siku ya kwanza vaa viatu visivyoteleza, na mbwa asiwe ametoka kula.