Kompyuta na sheria: somo la tatu lisisahauliwe

Mhariri,

Binti yangu ana miaka 16 na anaanza masomo ya A-level hapa Uingereza. Kati ya masomo matatu, mawili alishayachagua: kompyuta na sheria. Wapo waliomwambia hayaendani. Mimi naona yanaendana sana. Anayeandika programu na anayesoma kifungu cha sheria wote hupima neno kwa neno, likitokea hili, lifuate lile.

Kinachoniuma ni ushauri nusunusu. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge na Imperial hudai hisabati ya A-level kwa mwombaji wa sayansi ya kompyuta. Somo la kompyuta peke yake halimfikishi huko. Kwenye sheria mambo ni kinyume: kusomea shahada yake hakuhitaji A-level ya sheria, na mwenye shahada ya fani nyingine bado anaweza kufanya SQE, mitihani ya kufuzu uwakili iliyoanza 2021, akawa wakili.

Amechukua hisabati wiki mbili tu kabla ya masomo kuanza. Naomba walimu washauri wawaambie watoto haya kabla fomu hazijajazwa, si baada.

Mzazi,
Uingereza