Mhariri, Sabasaba mmeijaza chokoleti

Mhariri, habari za kazi.

Mi ni fundi cherehani hapa Mtoni kwa Aziz Ali, gazeti lako nanunua karibu kila siku na niseme ukweli tu, sinunui kwa kusoma peke yake. Nikishamaliza michezo na matangazo ya vifo naligeuza karatasi ya kazi, nachorea mikono na kola, nakata, naweka juu ya kitambaa, maana gazeti ni laini na linalala vizuri kwenye kitenge kuliko karatasi ngumu ya dukani.

Sasa tarehe 8 Julai asubuhi nimeshika gazeti la jana yake, nakata mkono wa blauzi za sare ya arusi, watu kumi na mbili na arusi Jumamosi, mkasi umefika usawa wa kwapa ndio jicho likatua kwenye kale kasafu kenu ka Siku Kama ya Leo. Nikasimama nikasoma. Siku ya Chokoleti Duniani. Mkate wa slesi waanza kuuzwa Marekani, 1928. Ringo Starr wa Beatles azaliwa, 1940. Boris Becker achukua Wimbledon akiwa na miaka 17, 1985. Mabomu London, 2005. Basi, imeisha hiyo.

Nikajua hapa mharibifu ni mimi, habari ya kuzaliwa TANU, kile chama kilichodai uhuru, itakuwa nimeikata na mkasi imebaki kwenye vipande. Nikainama chini ya meza kupekua, nikaunganisha karatasi moja moja kama mtoto anacheza, hola. Nikatoka nikaenda kwa kinyozi jirani ambaye na yeye analichukua gazeti hilohilo, la kwake lilikuwa zima ila lina nywele, tukalikung'uta tukasoma wote wawili na mteja aliyekaa kwenye kiti kichwa nusu. TANU haimo. Siku ya Kiswahili Duniani nayo haimo. Gazeti la Kiswahili, limechapwa Dar es Salaam, tarehe 7 Julai!

Kinyozi akawatetea, akasema labda wameona hiyo kila mtu anaijua hamna haja ya kuiandika. Nikamwambia sawa, tujaribu. Binti wa dada yangu yuko darasa la sita, alikuwa hapohapo ameleta chai, nikamuuliza Sabasaba ni nini. Akajibu bila hata kufikiri, "Ni kule kwenye maonesho mjomba, ulisema utanipeleka." Nikapotezea hilo la kumpeleka, nikamuuliza haya, na kwa nini panaitwa Sabasaba? Hapo akatulia kidogo, akasema labda mabanda yako sabini na saba. Kinyozi akacheka mpaka akazima mashine. Ila mi sikumlaumu mtoto hata kidogo, maana hata sisi watu wazima ukipanda daladala ya Mbagala konda anauliza "Sabasaba wapo?" na watu wanaitika wapo, wanashuka, sijui mji mwingine ambao mtu anashuka kwenye tarehe.

Sabasaba ni saba ya mwezi wa saba. Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954 chama cha TAA (Tanganyika African Association) kilifanya mkutano pale mtaa uliokuwa unaitwa New Street, leo ni Lumumba, ukitoka Mnazi Mmoja unafika kwa miguu. Walikuwa watu 17, wakatoka hapo TAA imegeuka TANU na Mwalimu Nyerere ndiye rais wake. Wakina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, John Rupia. Na humo ndani alikuwemo Saadani Kandoro ambaye ni mshairi wa Kiswahili, hiyo mi naipenda sana, kwamba kwenye kuanzisha chama cha kumtoa mkoloni mmoja wao ni mtu wa vina na mizani. Sasa UNESCO mwaka 2021 walipokaa Paris kutafuta siku ya kukipa Kiswahili, si walichukua hiyohiyo 7 Julai, na sababu waliyoitoa ni kwamba TANU walikifanya Kiswahili silaha ya kudai uhuru. Ndio lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake na shirika hilo. Hayo mambo mawili ni mama na mtoto, yalitosha kwenye mistari mitatu hivi. Nafasi ilikuwepo maana Becker mmempa mistari minne na picha.

Afu siku yenyewe imepita mikononi mwa watu kama gauni la zamani. Nguo nzuri kwetu huku haitupwi, gauni la mama linakatwa sketi ya binti, sketi ikichakaa inatoka kaptula ya mtoto, kitambaa ni kilekile. Sabasaba ilianza siku ya chama, ikawa Siku ya Wakulima miaka na miaka, baadaye wakulima wakahamishiwa Nanenane na Sabasaba ikabaki na biashara, ndio haya maonesho ya Barabara ya Kilwa. TANU yenyewe ikaungana na chama cha ASP cha Zanzibar tarehe 5 Februari 1977 ikazaliwa CCM. Mtoto wa leo ameikuta kaptula, atajuaje kama lilikuwa gauni? Wa kumwambia ni nyie.

Usije ukadhani nataka chokoleti itoke. Hapana, iache, ila mngeileta mpaka nyumbani. Mke wangu kwao Kyela, mama yake ana mikakao nyuma ya nyumba, mara ya kwanza nimeenda kujitambulisha nikakuta watoto wanapasua lile tunda wanafyonza utelezi mweupe unaozunguka mbegu, mtamu kama stafeli. Mbegu zenyewe huwa zinafunikwa kwanza siku kadhaa zichachuke, ndio zinaanikwa juani, na zikichachuka pale hapasogeleki, unanuka mpaka kwenye shati. Mwaka mmoja nikampelekea mama mkwe chokoleti ya paketi kutoka hapa mjini, akaiweka mdomoni akaizungusha akanitazama, akasema, "Baba, hii ndiyo ile ya kwetu?" Nikamwambia ndiyo mama. Akaitoa akaikunja kwenye karatasi yake, akasema atawapa wajukuu. Sasa hiyo ndiyo Siku ya Chokoleti ya Tanzania, mkulima wa Kyela na kakao yake, nyie mmeandika maneno manne tu mkasonga.

Na mkate wa slesi ndio mmenikwaza kabisa, maana ile ni habari ya fundi mmeipitia kama daladala tupu. Yule jamaa anaitwa Otto Rohwedder, kazi yake ilikuwa usonara, akauza maduka yake apate hela ya kutengeneza mashine ya kukata mkate, moto ukamuunguzia mashine ya majaribio na michoro yote. Mtu mwingine hapo anarudi kwenye pete na mikufu. Yeye akaanza upya, na akiwapelekea waoka mikate wanamwambia mkate ukikatwa utakauka, nani atanunua mkate mkavu, mpaka akapatikana mmoja kwenye mji wa Chillicothe huko Missouri akakubali, mkate ukakatwa na kufungwa kwenye karatasi ukaingia sokoni 7 Julai 1928. Na tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa, 7 Julai 1880, yaani siku anatimiza miaka 48 ndio mkate wake unaingia dukani. Hilo hamkuliandika! Kuna kingine, mwaka 1943 wakati wa vita serikali ya Marekani ilipiga marufuku mkate wa slesi, kelele za kina mama zilivyozidi haikufika miezi mitatu wakairuhusu tena. Huku kwetu Mangi wa dukani akikukatia nusu mkate watoto wanahesabu slesi mlangoni kabla hajapokea hela, na zikipungua wanajua, kwa hiyo hiyo habari wangeisoma wote.

La London nimeliacha nyuma makusudi maana halifai utani. Watu 52 waliuawa asubuhi ile kwenye treni tatu za chini ya ardhi na basi moja, na jana yake tu mji mzima ulikuwa unashangilia kupewa Olimpiki ya 2012. Mmeliweka limegusana na chokoleti bila hata mstari wa kutenganisha. Sisi wa Dar hatuhitaji kuelezwa sana, Ijumaa ya 7 Agosti 1998 bomu lilipigwa ubalozi wa Marekani ulipokuwa Oysterbay wakafa watu 11, na dakika hizohizo Nairobi wakafa zaidi ya 200. Najua siku haichagui, kwenye mtaa wangu wiki iliyopita nyumba hii wanasoma hitima nyumba ya tatu singeli inapigwa mpaka vioo vinatetemeka, ila hata wenye singeli waliinamisha sauti wakati wa dua. Na nyie muwe mnainamisha kidogo.

Jioni nikampigia shemeji yangu anayekaa Nairobi nikamsimulia haya yote, akashangaa kwanza kusikia kuwa huku Sabasaba ni sikukuu watu wanaenda kununua majiko na kupiga picha na simba wa banda la Maliasili. Kwao Saba Saba ni 7 Julai 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi, wakakamatwa siku chache kabla, watu wakaenda vilevile bila wao na siku ikaisha kwa risasi na mazishi. Desemba 1991 kile kifungu cha katiba cha chama kimoja kikafutwa. Yaani majirani tunatamka neno moja, wao wanakumbuka moshi sisi tunakumbuka aiskrimu. Gazeti lako linasomwa mpaka Namanga na Horohoro, hiyo haikustahili mstari?

Kama mnataka vituko vya kuchekesha vipo tele tena vitamu kuliko kuzaliwa kwa mpiga ngoma wa Beatles (samahani kwa wanaompenda). Wajapani siku hiyohiyo ya saba mwezi wa saba wana Tanabata, wanaandika maombi yao kwenye vikaratasi vya rangi wanavining'iniza kwenye mianzi, kwa ajili ya nyota mbili zinazopendana na kuruhusiwa kukutana mara moja tu kwa mwaka. Waswahili na mapenzi yetu haya hiyo tungeikataa? Na kule Pamplona, Hispania, 7 Julai saa mbili asubuhi wanafungulia mafahali barabarani watu wanakimbia mbele yao, hapo ungempigia Mpemba mmoja akueleze mchezo wa ng'ombe wa kwao, ukurasa ungejaa wenyewe.

Kinyozi anasema hizi safu siku hizi watu wanazitoa kwenye intaneti, unaandika tarehe inakuletea orodha unatafsiri unapeleka, na orodha yenyewe imeandikwa na watu wa huko kwao kwa ajili ya watu wa huko kwao. Mi sijui, sijawahi kuingia chumba chenu cha habari. Kama ndivyo basi ongezeni hatua moja tu, kabla hamjapeleka mtamboni aulizwe mzee mmoja wa Kariakoo na mwalimu mmoja wa historia, tarehe hii huku kwetu kulikuwa na nini, hiyo ni simu mbili, vocha ya buku inatosha. Afu mnachukua kimoja kizito na kimoja cha ajabu mnavieleza vizuri, badala ya vitano vilivyosimama kama abiria wa jioni kila mtu anatazama dirishani.

Nanenane inakuja, mna muda. Hiyo 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima wetu, Wachina nao walivyoipenda namba nane wakafungua Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 tarehe 8 mwezi wa 8 saa mbili usiku, na huko duniani ndio wameiweka Siku ya Paka. Nilivyomwambia binti wa dada kwamba Siku ya Paka imeangukia siku ya wakulima akasema si kwa sababu ya panya wa ghalani mjomba, mi nikaona mtoto huyu anafaa kuwaandikia safu. Siku hiyo nitanunua nakala mbili, moja ya kusoma, na nyingine nina oda ya kanzu nane za maulidi.

Fundi wa Mtoni kwa Aziz Ali,
Temeke, Dar es Salaam